UZI: Neno «gore» la Kiingereza. Damu iliyomwagika, samadi, au mkuki? Tulifumue hapa

MkalimaniHuru #1

Wakuu, heshima kwenu.

Neno la leo ni «gore». Kamusi ndogo nyingi zinakupa «damu iliyoganda» zikafunga mjadala. Tatizo ni kwamba neno hilohilo, tahajia ileile, matamshi yaleyale, unalikuta kwa fundi wa sketi, kwa mpima ardhi, kwa fahali mwenye pembe, na mgongoni mwa kasha la mchezo wa kompyuta. Ukiweka «damu» kila mahali unachekwa.

Maswali yangu:
Ni neno moja lenye maana nyingi, au ni maneno mbalimbali yaliyogongana?
Hiyo damu imeingiaje?
Na kwa Kiswahili tuiite nini bila kuandika sentensi nzima?

---

MzeeWaKamusi #2

Ni maneno matatu. Mawili kati yao ni ndugu, la tatu limehamia tu nyumba hiyohiyo. Na hilo lililohamia ndilo la damu.

Tuanze nalo. Kwenye Kiingereza cha Kale, kile kilichosemwa kabla ya mwaka 1100 hivi, kulikuwa na «gor», irabu yake fupi. Maana yake ilikuwa uchafu, samadi, kinyesi. Damu haimo kabisa. Tazama ndugu zake wa jamii ya lugha za Kijerumani uone: Kinorse cha Kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, kina «gor», yaani majani yaliyosagwa nusu ndani ya tumbo la mnyama anayecheua. Kijerumani cha Juu cha Kale kina «gor», mavi ya mnyama. Kiholanzi mpaka leo kina «goor», kivumishi cha kitu kichafu cha kutia kinyaa. Familia nzima inanuka zizi.

Damu inaingia karne ya 16, na inaingia kwa mlango wa nyuma. Kwanza, kwenye miaka ya 1550, linaonekana neno ambatani «gore-blood», ukipenda «damu-uchafu»: damu iliyotoka, ikaganda, ikapaka kila kitu. Miaka kama 10 baadaye nusu ya pili inaanza kuachwa, na «gore» peke yake linabeba mzigo wote. Shakespeare bado alilitumia lile ambatani: katika Romeo and Juliet yaya anaeleza maiti iliyolowa, anasema «gore-blood». Kwenye Macbeth anatumia «gore» tupu, na kivumishi «gory» kwa nywele za mzimu wa Banquo, mhusika aliyeuawa humo.

Kwa hiyo njia iliyopitiwa ni hii: kinyesi, kisha uchafu mzito unaonata, kisha damu inayonata kama huo uchafu, kisha damu yoyote iliyomwagika kwa wingi, hasa vitani. Hatua ya kati ndiyo watu huiruka, halafu wanashangaa mavi yamekuwaje damu. Kilichovuka ni ule mnato na kinyaa, kwa sababu rangi hazifanani hata kidogo.

Sasa yale mawili mengine. «Gār» lilikuwa mkuki. «Gāra» likawa kipande cha ardhi chenye ncha, pembetatu, kwa kufananishwa na kichwa cha mkuki. Kutoka «gāra» tumepata «gore» ya fundi na ya mpima ardhi. Kutoka «gār» kimetoka kitenzi «to gore», kudunga.

---

PembeMbili #3

Subiri kwanza Mzee. Yaani fahali akimpiga mtu pembe, Mwingereza akasema «gored», haihusiani na damu kumwagika? Maana walimu wengi wanafundisha hivyo: «gore ni damu, kwa hiyo to gore ni kumtoa mtu damu».

---

MzeeWaKamusi #4

Haihusiani, ingawa leo masikio ya Waingereza wenyewe yanayaunganisha.

Ushahidi wa kwanza ni tarehe. Kitenzi kinaonekana karibu mwaka 1400, kikiwa na maana ya kuchoma kwa silaha, mkuki au upanga. Maana ya pembe na meno ya nguruwe pori inakuja karne ya 16. Nomino ya damu ilikuwa bado haijazaliwa kitenzi kilipoanza kutumika, na mtoto hamzai mzazi.

Ushahidi wa pili ni sauti, na hapa ndipo utamu ulipo. «Ā» ndefu ya Kiingereza cha Kale iligeuka «ō» kusini na katikati ya Uingereza: «stān» likawa «stone», «bān» likawa «bone», «hām» likawa «home». Kwa kanuni hiyohiyo «gār» likawa «gore», bila kuvunja sheria yoyote. Kaskazini na Uskoti mabadiliko hayo hayakufika, ndiyo maana Mskoti anasema «stane» na «hame», na kipande cha nguo cha pembetatu anakiita «gair».

Lile la kinyesi lilipita njia nyingine. «O» fupi ilirefushwa pale silabi ilipoishia na irabu, kama «nosu» lilivyokuwa «nose». Huku «ā» inageuka, kule «o» inarefuka, wakakutana njia panda wakiwa wamevaa sare moja.

Na kama mkuki wa zamani unautaka ukiwa na «a» yake, uko jikoni kwako. Kitunguu saumu kwa Kiingereza ni «garlic», kutoka «gārlēac», liki ya mkuki, kwa sababu ya umbo la punje zake. Ndani ya neno refu irabu ilifupishwa mapema kabla mabadiliko hayajaifikia, ndiyo maana haikuwa «gorlic». Jina Edgar nalo ni «mali» pamoja na «mkuki». Na samaki «garfish», mwenye mdomo mrefu kama sindano, jamii ya chuchunge wetu, yumo humohumo.

---

Bwakila_7 #5

Kwa hiyo kisiwa cha Gorée pale Senegal, palipopitishwa watumwa, ndiyo damu hii au ndiyo mkuki?

---

MzeeWaKamusi #6

Si damu wala mkuki, mkuu. Jina hilo lina asili ya Kiholanzi. Waholanzi walikishika kisiwa hicho karne ya 17, na linahusishwa na kisiwa chao cha Goeree. Ukiona herufi nne zinafanana usikimbilie kufungisha ndoa.

Gore ya Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, kabla hujauliza, ni jina la ukoo lililotokana na mahali: mtu wa kwenye ardhi ya pembetatu. Na kile kitambaa cha makoti ya mvua, Gore-Tex, kimechukua jina la familia ya Wilbert Gore aliyeanzisha kampuni mwaka 1958.

---

FundiTaharizi #7

Mmeigusa fani yangu mkaipita mbio.

«Gore» ya nguo kwa Kiswahili ina jina la zamani kabisa na watu wanalisahau: taharizi. Kwenye kanzu, badani ni kile kipande cha mbele na nyuma, taharizi ni vipande virefu vya ubavuni vinavyoshuka kutoka kwapani hadi chini vikipanuka, na kikwapa ni kile kidogo cha kwapani kinachompa mvaaji nafasi ya kuinua mkono. Watafsiri wa vitabu vya ushonaji huchanganya. «Gore» ni taharizi. «Gusset» ni kikwapa. Ukivibadilisha, fundi anakata kitu kingine.

Na msiiunganishe na jora, ambalo wengine hutamka gora. Jora ni kitambaa kizima kabla hakijakatwa. Hii tunayoizungumzia ni kipande kimojawapo kilichopatikana baada ya mkasi.

Sketi ya taharizi sita, hesabu yake hii:

Kiuno 72 sm, gawa kwa 6 = 12 sm. Ongeza nafasi ya mshono 1.5 sm kila upande = 15 sm juu.
Mzunguko wa chini unaoutaka, tuseme 210 sm, gawa kwa 6 = 35 sm. Ongeza 3 = 38 sm chini.
Urefu 70 sm, pamoja na pindo.
Halafu pima nyonga kabla ya kukata. Nyonga iko kama 20 sm chini ya kiuno. Pale kipande kina upana wa 12 + (35 − 12) × 20 ÷ 70, yaani 18.6 sm hivi, mara 6 unapata takriban 111 sm. Nyonga ikiwa 98, una nafasi ya kutosha. Ikiwa 112, sketi haipandi, panua chini au anza kupanua juu zaidi.

Yanayoharibu kazi:

Kusahau nafasi ya mshono. 3 sm mara vipande 6 ni 18 sm. Kiuno cha 72 kinatoka 54, nguo ya mtoto.

Kushona ovyo kidogo tu. Vipande 6 vina kingo 12. Ukila milimita 2 za ziada kila ukingo, kiuno kimepungua 24 mm. Mtu anadhani mteja amenenepa.

Uzi wa kitambaa. Mstari wa katikati ya kila kipande ufuate uzi wa wima. Ukilaza ukingo mmoja kwenye uzi wa wima, ukingo wa pili unakuwa mshazari mkali, na mshazari unavutika. Sketi inapinda kama imesokotwa.

Kupinda pindo siku hiyohiyo. Ining'inize usiku kucha kwanza, zile sehemu za mshazari zishuke zinakotaka kushuka, ndipo usawazishe chini.

---

MkalimaniHuru #8

Taharizi! Asante fundi, hili limenitoa kwenye «kipande cha pembetatu cha kupanulia nguo», maneno sita kwa neno moja.

---

Ramani_na_Nyuzi #9

Ongezeni matumizi mawili ya umbo hilohilo.

Tufe la dunia halifunikwi na karatasi moja bapa, litakunjamana. Huchapwa vipande vyembamba vyenye ncha juu na chini, navyo huitwa «gores». Martin Waldseemüller mwaka 1507 alitoa seti ya vipande 12 vya tufe, moja ya machapisho ya kwanza kuwa na jina America. Ukitaka kutengeneza lako: tufe la kipenyo cha 30 sm lina mzunguko wa 94.2 sm. Kila kipande kina upana wa 7.85 sm kwenye ikweta na urefu wa 47.1 sm ncha hadi ncha. Kwingineko zidisha upana wa ikweta kwa kosaini ya latitudo. Latitudo 60 ni nusu yake, 3.9 sm. Ukichora kingo kwa rula, zikawa mistari iliyonyooka, katikati ya nusutufe patabaki mianya. Kingo lazima ziwe na tumbo. Kuba la parachuti nalo hushonwa hivyohivyo; lile la C-9 la marubani lina vipande 28.

Kwa wapima ardhi, huko New England, Marekani, «gore» ni kijisehemu kilichobaki kati ya vijiji baada ya mistari ya vipimo kutokutana. Vermont bado ina Avery's Gore na Buels Gore. Na barabara kuu za Marekani zina «gore» pale njia ya kuchepuka inapoachana na njia kuu: ile pembetatu iliyochorwa mistari, hairuhusiwi kuikatiza. Mtafsiri aliyeandika «eneo la damu» kwenye mwongozo wa udereva amewatisha watu bure. Hilo si eneo la ajali, hata kama ajali hutokea hapo.

---

Kifuniko_Chekundu #10

Turudi kwenye damu, kwa sababu maelezo ya Mzee #2 kuhusu mnato yana msingi maabara.

Damu ndani ya mshipa ni majimaji. Ikitoka, chembe sahani hujikusanya, na protini iitwayo faibrinojeni inageuzwa nyuzi za faibrini. Nyuzi hizo ni wavu, seli nyekundu zinanaswa humo. Kwenye mrija wa kioo usio na dawa, damu ya mtu mwenye afya huganda kati ya dakika 5 na 15. Baadaye bonge hujikaza na kukamua majimaji ya njano, ndiyo seramu. Ndiyo sababu mrija wa kifuniko chekundu huachwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kuuzungusha kwenye mashine.

Rangi nayo inasimulia muda. Ikitoka ni nyekundu angavu kama ni ya ateri, iliyokolea kama ni ya vena. Ikikaa hewani, chuma kilichomo kwenye himoglobini hubadilika, damu inaelekea kahawia, mwisho karibu nyeusi. Mtu wa karne ya 16 aliyeona uwanja wa vita siku ya pili hakuona wekundu. Aliona utando wa kahawia unaonata uliochanganyika na udongo na choo cha farasi. Neno la samadi lilikuwa karibu mdomoni.

Kwa hiyo kwa wanaotafsiri: damu kwenye mrija wa kifuniko cha zambarau, wenye dawa ya EDTA, haigandi kwa sababu EDTA imeikamata kalsiamu ambayo damu inaihitaji ili igande. Hiyo ni damu, haiwezi kuitwa «gore». Kutokwa na damu puani si «gore». Neno linataka iwe imetoka nje ya mwili kwa kujeruhiwa, iwe nzito au nyingi, na imtie mtazamaji kichefuchefu. Ikikosa kimojawapo, Mwingereza atasema «blood» tu.

---

Sheikh_Lugha #11

Kiingereza si peke yake kutenga damu iliyo ndani na iliyomwagika.

Kilatini kilikuwa na maneno mawili kabisa: «sanguis», damu inayozunguka mwilini, na «cruor», damu iliyotoka kwenye jeraha. Kwenye ukoo wa «cruor» yumo «crudus», kibichi, na «crudelis», ambalo kupitia Kifaransa limekuwa «cruel» ya Kiingereza, -katili. Hata «raw» ya Kiingereza, -bichi, inatoka kwenye shina hilo la mbali. Linganisheni: Mrumi kutoka kwenye nyama mbichi alifika kwenye ukatili. Mwingereza alifika kwenye damu akitokea zizini.

Kiarabu kinaongeza sifa. Qur'ani, sura ya 6 aya ya 145, inataja «daman masfuhan», damu iliyomwagwa, katika vilivyoharamishwa kuliwa. Sifa hiyo ina kazi ya kisheria: wanazuoni huitumia kutofautisha damu inayotiririka mnyama anapochinjwa na ile kidogo inayobaki kwenye nyama na mishipa, ambayo haimharamishii mtu kitoweo. Neno moja la ziada, hukumu mbili tofauti.

Kiebrania kinatumia wingi. «Dam» ni damu, «damim» ni damu iliyomwagwa. Mwanzo 4:10, pale Kaini anapoambiwa damu ya nduguye inalia kutoka ardhini, Kiebrania kimeweka wingi. Kiswahili kimepokea «damu» kutoka Kiarabu, ikaingia ngeli ya I-ZI ambako umoja na wingi ni sura moja, kwa hiyo ule wingi wa Kaini unapotea kwenye tafsiri zetu bila mtafsiri kukosea.

---

Bwakila_7 #12

Kabla ya kuchukua ya Kiarabu tulikuwa tunasemaje? Maana Wabantu walikuwa na damu pia.

---

Sheikh_Lugha #13

Walikuwa nayo, hahaha. Kuna shina la kale la Kibantu ambalo limebaki kwenye «magazi» ya Kichewa na «igazi» ya Kizulu. Kilingala kina «makila». Wengine wana mashina mengine: Waganda «omusaayi», Wakikuyu «thakame», Wanyarwanda na Warundi «amaraso». Angalia lakini: «magazi», «makila», «amaraso», yote yana kiambishi cha ngeli ya sita, ngeli ya vimiminika, kama maji na maziwa. Kiswahili kilipochukua neno la kigeni kiliiacha ngeli hiyo.

---

JukwaaHai #14

Kwa watu wa jukwaani na filamu kuna kichekesho kimojawapo hapa. London kuna mtaa unaitwa Kensington Gore. Ukumbi wa Royal Albert Hall uko pale. Jina hilo ni la ardhi ya pembetatu, «gāra» ya Mzee. Miaka ya 1960 na 1970 mfamasia mstaafu wa Dorset akatengeneza damu bandia ya maigizo, ikauzwa kwa jina «Kensington Gore». Mzaha wote umesimama juu ya maneno mawili yasiyo na undugu.

Damu bandia ya kawaida, ya kundi lisilo na bajeti:

Sharubati nzito isiyo na rangi, vikombe 2.
Maji baridi, kikombe 1.
Konfulawa, vijiko vya chakula 2.
Rangi nyekundu ya chakula, kijiko cha chai 1, ongeza polepole.
Unga wa kakao, kijiko cha chakula 1.

Koroga konfulawa na kakao kwenye maji baridi mpaka madonge yaishe, pasha moto huku unakoroga mpaka iwe nzito kidogo, ipua, ipoe, kisha tia sharubati na rangi. Ukimwaga konfulawa kwenye maji ya moto unapata vidonge vyeupe, na jukwaani vitaonekana kama uji. Bila kakao, rangi ya chakula ni kama kioo chekundu, taa zinaipenya na inaonekana soda ya stroberi. Kakao ndiyo inayoziba mwanga na kuleta ule ukahawia aliousema Kifuniko. Kwa bonge, yaani «gore» yenyewe, punguza maji yawe nusu kikombe, paka, acha utando ujitengeneze.

Jaribu kwanza kwenye kitambaa cha nguo ya igizo, rangi ya chakula hung'ang'ania pamba nyeupe. Damu ya kweli ni kesi nyingine: hiyo fua kwa maji baridi, ya moto yanapika protini ikashikamana na nyuzi.

---

PembeMbili #15

Na kwenye michezo ya kompyuta? Mgongoni mwa kasha wanaandika «Blood and Gore». Kama gore ni damu, mbona wanarudia?

---

MkalimaniHuru #16

Nilishalichimba hili. Hiyo ni ESRB, bodi ya Marekani Kaskazini inayopanga michezo kwa umri, ina lebo zake. «Blood» ni picha za damu. «Animated Blood» ni damu ya rangi isiyo ya kweli, tuseme kijani au zambarau. «Mild Blood» ni damu kidogo. «Blood and Gore» ni damu au viungo vya mwili vilivyokatwakatwa. Hapo «gore» imehama tena hatua moja: kutoka damu iliyoganda kwenda nyama iliyochanika, matumbo, viungo. Hakuna marudio.

Kwa hiyo «Blood and Gore» ukiandika «Damu na Damu Iliyoganda» mzazi anayesoma lebo hajaambiwa kitu. Mimi naweka «Damu na miili iliyokatwakatwa». Haina uzuri ila inafanya kazi ya lebo.

---

MzeeWaKamusi #17

Hapo umeikamata sawa. Na inafurahisha kwamba limezunguka likarudi karibu na nyumbani: «gor» ya Kinorse ilikuwa vitu vya tumboni mwa mnyama, na leo «gore» ya filamu ni matumbo nje. Hakuna aliyelipeleka huko makusudi.

PembeMbili, nawe kwa kitenzi usiridhike na «kupiga pembe» kila mara. Mbuzi anaweza kukupiga pembe ukaanguka bila hata mkwaruzo. «To gore» linataka pembe iingie. Kitabu cha Kutoka 21:28 kwenye tafsiri ya King James ya mwaka 1611 inatumia kitenzi hicho kwa ng'ombe aliyemuua mtu. Andika «alimpiga pembe ikamtoboa paja» au «alimchoma pembe ya tumbo». Kwa ngiri na nguruwe, «alimtoboa kwa meno».

---

Bwakila_7 #18

Sawa, lakini swali la tatu la #1 halijajibiwa. Nomino moja ya Kiswahili.

---

FundiTaharizi #19

«Madonge ya damu» au «mabonge ya damu». Imekwisha.

---

Kifuniko_Chekundu #20

Haijaisha. Bonge la damu hospitalini ni kitu kingine, linaweza kuwa ndani ya mshipa wa mguu au ya mapafu, halijamwagika popote. Msomaji wa Kiswahili akikuta «mabonge ya damu» anawaza uzazi au kiharusi.

---

Sheikh_Lugha #21

Kiswahili kazi hii hukipa kitenzi. Damu huvuja, huchuruzika, hutiririka, hububujika, hutapakaa, huganda. Kila kimoja kina kiasi chake na kasi yake. Inavuja kwenye fizi, inachuruzika kwenye kidole kilichokatwa na wembe, inabubujika kwenye shingo iliyochinjwa. «Sakafu ilitapakaa damu» inafanya kazi ya «gore» bila nomino mpya. «Umwagaji damu» tuuache, hilo ni tendo la kuua.

---

MkalimaniHuru #22

Kwenye riwaya sawa. Kwenye manukuu ya filamu nina herufi kama 40 kwa mstari, na mhusika anasema neno moja tu akiangalia mikono yake.

---

JukwaaHai #23

«Madamudamu.»

Kama matopetope na mavimavi. Mtoto akirudi na shati limejaa madamudamu, mama haulizi damu ni lita ngapi, anaona uchafu.

---

Bwakila_7 #24

Ukilikata katikati unabaki na «madamu», na madamu yuko darasani anasahihisha madaftari.

---

Sheikh_Lugha #25

Ndiyo maana lisikatwe. Lakini JukwaaHai ameona mbali kuliko anavyodhani. Kiambishi «ma-» kinairudisha damu kwenye ngeli yake ya zamani, ile ya magazi na amaraso. Kinaipa wingi, kama damim ya Kaini. Na kuirudufu kunaleta ule mnato na kinyaa ambao Mzee anasema ulitoka zizini. Kwa mhusika anayeangalia mikono yake, naliunga mkono. Kwa vita vya kina Macbeth hapana, litachekesha. Huko andika «damu iliyogandamana».

---

MkalimaniHuru #26

Nimeliweka kwenye manukuu. Herufi 10, na mstari umebaki na nafasi.

---

PembeMbili #27

Na «gory»?

---

JukwaaHai #28

«-enye madamudamu». Nywele zenye madamudamu, shati lenye madamudamu. Ile ya mzimu wa Banquo muulize Sheikh.

---

Sheikh_Lugha #29

«Nywele zilizogandamana damu.» Mzimu hana madamudamu.